Kwa Mtani Wangu Mnyamwezi, Aliyebuni Gari Moja Tu Duniani

Mtani wangu Mihayo, mpagazi mwana wa wapagazi,

Barua hii naiandika wazi, isomwe na kila mwenye macho, kwa sababu utani wa faraghani haunogi. Tusi la mtani linataka mashahidi. Wewe ulikuwa msomi, ungeniandikia barua yenye aya zilizokaa kwa adabu kama waumini kanisani. Mimi niliishia darasa la nne kule Kisarawe, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa kusukumwa. Utanivumilia. Maiti hana budi kuvumilia.

Kwa wasiotujua niseme kidogo. Mimi ni Mzaramo, wewe ni Mnyamwezi. Zamani babu zako walibeba mizigo vichwani kutoka Tabora mpaka pwani, na njia ilipita kwetu. Babu zangu, watu wenye akili, waliona hakuna haja ya kubeba kitu. Walikaa katikati ya njia wakadai hongo, ndipo msafara upite. Wakagombana mpaka wakachoka, wakaishia kuwa watani. Tangu hapo Mnyamwezi na Mzaramo hunyang'anyana na kutukanana bila kununiana, na mmoja akifa, mwenzake ana kazi msibani: hulala ndani ya kaburi akazuia maziko, humwiga marehemu, hudai nguo zake, mpaka wafiwa wamlipe ada na vicheko viwatoke katikati ya kilio. Bila hivyo, kwetu, mtu hajazikwa. Amefukiwa tu.

Unakumbuka tulivyojuana? Chumba cha kufulia nguo, chini ya jengo letu pale St. James Town, huku ughaibuni. Ulikuwa mgeni wa nchi, umesimama mbele ya mashine kama mtu anayesubiri ikusalimie. Nikakuuliza kwenu wapi, ukasema Tabora. Basi nikakutwika kapu langu la nguo mbichi kichwani, nikakwambia beba, ndiyo kazi yenu. Wahindi na Wafilipino wakatukodolea macho. Ukalibeba kwa adabu zote mpaka kwenye lifti, ukageuka ukasema, "Mzigo nimebeba, Mzaramo. Nguo nitavaa mimi." Mlango ukajifunga. Nilishinda siku ile na kikoi, Januari, nikimshukuru Mungu kwamba huku nako kuna watu wa kwetu.

Ukapanda, mtani. Ukahamia Etobicoke na mama Kalunde, Mungu amrehemu, na binti yenu Kalunde akiwa bado anaburuta mdoli kwa mguu. Ukapata kazi kwenye ile kampuni ndogo ya kubuni magari, upande wa Unionville, mwishowe wakakupa meza kubwa na gari lako mwenyewe la kubuni. Uliponieleza nilidhani unanipiga kamba. Gari la kifahari, la milango minne, litakalotengenezwa moja tu. Haliuzwi, halipewi namba, haliendi barabarani. Litaonyeshwa watu walitazame waondoke. Nikakwambia, miaka yote hiyo Wanyamwezi mmebeba vya watu, na leo mmesoma mnatengeneza gari lisilobeba mtu. Hukucheka. Ulisema, "Mtani, likimbeba mmoja vizuri, mengine yatajifunza kwake."

Jumamosi moja ukanipeleka karakanani. Nilitegemea vyuma. Nikakuta udongo. Gari zima la udongo wa kahawia, ukubwa wake kamili, na vijana wanaukwangua kwa visu bapa, taratibu, kama mtu anayemnyoa baba mkwe. Ukaniambia udongo ule hupashwa moto kwanza ndipo ulainike. Ukachukua utepe mweusi ukaubandika kutoka juu ya kioo cha mbele, ukapita paa, ukashuka mpaka mkiani. Ukarudi nyuma ukautazama kwa jicho moja, ukaubandua ukabandika tena, na mimi nikaona ni upuuzi, mpaka mara ya mwisho uliposhusha utepe kiasi cha unene wa kidole na gari lile la udongo likawa kama limevuta pumzi. Sina neno jingine. Nilivua kofia, na wewe ukaniuliza kama naumwa.

Lakini lile paa lako zuri lilikuwa adui yangu. Mlikuwa na kiunzi cha mbao chenye kiti cha nyuma tu, cha kujaribia watu kuingia na kutoka, na wewe ukaniweka mimi, eti mgongo wangu mbovu unafaa. Kila nikiingia, kofia inadondoka. Naingia, puu. Natoka, puu. Wenzako wakashauri paa liinuliwe. Ukakataa, mkaidi wewe, ukasema ukiinua paa umetengeneza basi. Nikasema basi kata vichwa vya abiria. Wiki nyingi baadaye ukaniita tena, nikaingia, kofia ikakaa. Paa lilikuwa palepale. Ulikuwa umeipanga upya betri, maana gari lilikuwa la umeme, hilo limkeka zito linalolala chini ya gari lote, ukaliachia mashimo mahali pa miguu ya abiria wa nyuma, ili sakafu ishuke na mtu akae chini zaidi. Hukuinua mbingu, ulichimba ardhi. Mimi sikuchangia lolote, wasije wakasema najisifu. Nilikuwa kichwa tu.

Milango nayo. Ya mbele inafunguka mbele, ya nyuma inafunguka nyuma, na katikati hakuna nguzo, ikawa ubavu mzima wa gari unafunguka kama sebule. Nikakuuliza paa linashikwa na nini, maombi? Ukanionyesha chuma kilichofichwa ndani ya milango yenyewe, inayoshikana na paa na sakafu ikifungwa. Ulisema ilikutoa mvi.

Na magurudumu. Hapo ndipo nilipokujua, mtani. Mbele ya gari uliweka macho madogo yanayosoma barabara, yakiona shimo yanaziambia springi za hewa zijiandae kabla gurudumu halijafika. Wenzako waliyaita kwa jina refu la Kiingereza. Mimi ulinieleza kwa Kiswahili, tumekaa juu ya ndoo za rangi tunakula sambusa. Ulisema kwenye msafara, kirangozi, yule kiongozi wa njia, hutangulia, akiona jiwe anaita jiwe, na wa nyuma yake anaita jiwe, mpaka wa mwisho, na yule mwenye mzigo shingoni hana haja ya kutazama chini. Babu yako alimsimulia baba yako. Ukasema mzigo uliobebwa vizuri haujui kwamba umetembea. Nikataka kukutukana, maana ndiyo kazi yangu. Nikala sambusa yako.

Kisha ugonjwa. Sitaueleza, wanaoisoma barua hii wana wagonjwa wao. Gari lilikuwa limefika kwenye rangi, na wewe umefika kitandani. Nilikuja hospitali nikakukuta umeweka dirishani chupa ya asali ya Tabora, ile nyeusi ya porini, na bwana wa rangi amekaa pembeni na vibao vyake, anavilinganisha na chupa. Ulitaka rangi ambayo kivulini ni nyeusi, na jua likiigusa inaonyesha wekundu kwa ndani. Akaleta na kuleta. Ulivikataa vingi hata nikamhurumia mzungu wa watu. Siku uliyokubali kimoja, mkono wako haukuweza kukishika, nilikushikia mimi. Nikasema, ona, leo Mzaramo ndiye anayebeba.

Bwana yule alipotoka, ukanivuta kwa kola. "Mtani," ukasema, "nikiondoka usininyamazie."

Nikakuapia kwamba nitakudhalilisha mpaka wachungaji wakimbie.

Ukafa. Na mimi nikanyamaza.

Usinune kwanza, sikiliza. Kalunde alinijia mlangoni mwa kanisa, kule Etobicoke. Ana macho yako na taya la mama yake, amekuwa mwanamke mzima mwenye ofisi, Kiswahili anakisikia chote ila hujibu kwa Kiingereza. Alinishika mikono miwili, akaniambia kwa hicho Kiingereza chake, taratibu kama anayeongea na mtoto, kwamba wakubwa wa kampuni wamekuja, wenzake wa kazini wamekuja, hawataelewa. Tafadhali babu, leo usifanye yale mambo. Alikuwa mkavu kabisa. Hata unyevu wa jicho hakuwa nao. Mfiwa akikuomba utafanyaje? Nikakaa kiti cha nyuma, mikono mapajani. Makaburini jeneza lilishushwa na mashine, mtu kabonyeza kitufe, likateremka bila kelele kama lifti ya hoteli. Hakuna aliyezuia. Hakuna aliyedai kitu. Watu wakapeana mikono wakaenda kunywa kahawa. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, Mihayo yuko njiani bado, ana mzigo kichwani na hakuna aliyemtua. Akaniambia nile. Sikula.

Miezi ikapita. Kalunde nilimpigia simu, akawa anajibu yu salama, ana kazi nyingi. Shoga zake wakasema hajalia bado, na kabati lako hajaligusa. Ndipo mwezi uliopita akanipigia mwenyewe: gari la baba linaonyeshwa, kwenye lile jumba kubwa la maonyesho mjini, kampuni imetoa nafasi kwa familia, na familia ni yeye peke yake. Akauliza kama nitakuja.

Nilivaa kanzu, juu yake majaketi mawili, nikapanda treni. Nikamkuta mlangoni amevaa koti lako. Lile la sufu, la kijivu, lililokufikia magotini. Yeye linamfikia kwenye vifundo, mikono imefunika vidole. Ndani kuna joto la kuchoma mkate, na yeye amelivaa, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni. Nikamuuliza kama hasikii joto. Akasema yuko sawa.

Gari lilikuwa juu ya jukwaa, limezungukwa na kamba. Mtani, lilikuwa asali. Taa zikilipita, wekundu unaamka ndani yake na kulala tena. Watu wanapiga picha, wananong'ona kama wako kwa daktari. Mkuu wa kampuni, yule bwana mrefu, akatuinulia kamba tusogee, akafungua milango yote tuone. Ubavu mzima wazi. Akaanza kutusomea maneno mazuri juu yako, kipaji, maono, urithi. Kalunde anaitikia kwa kichwa, mkavu, ameshikilia ukosi wa koti. Nikamtazama nikaona atatoka pale vilevile, atakwenda nyumbani vilevile, na atalivaa koti lile mpaka limzike.

Basi nikavua viatu nikaingia. Kiti cha nyuma. Nikajinyoosha chali, mikono kifuani, nikafumba macho kama maiti mwenye heshima zake.

Redio ya mlinzi ikaanza kukoroma. Mkuu wa kampuni akainama akaniuliza kama mapigo ya moyo yako sawa. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba huu ni Uzaramo na msafara haupiti bila hongo. Nikaanza kukuiga. Nikakohoa kikohozi chako, nikafumba jicho moja, nikasema kwa sauti yako ya puani, shusha paa, shusha tena, shusha mpaka mtani wangu aingie kwa kutambaa. Nikalia kwa jina lako. Nikasema Mnyamwezi huyu mwizi aliondoka na nguo zangu tangu siku ya kwanza, na leo nataka fidia: nalitaka koti lake, na nisipopewa nitazikwa humu humu, na gari lenu mtalionyesha na mzee ndani.

Nikafumbua jicho. Kalunde alikuwa amesimama, uso umemwiva, na mlinzi ameshafika. Nilidhani nimeharibu, mtani. Nakwambia kweli, nilidhani nimempoteza na yeye. Akamgeukia mlinzi akasema maneno machache ya Kiingereza, kwamba huyu ni wa nyumbani. Kisha akaingia kwa mlango wa pili, akainua miguu yangu akaiweka mapajani mwake, akakaa. Mahali pale ulipopachimba, miguu yake ikatulia.

 Halafu, kwa Kiswahili, Kiswahili cha Tabora kabisa, sijui alikificha wapi: "Baba alisema nyie mkikaa njiani hamwondoki mpaka mshibe."

Nikamwambia baba yako alikuwa mwongo, sisi hatushibi.

Akacheka. Kile kicheko hakikufika mwisho, kilikatikia katikati kikageuka, na ikawa kilio, mtani, kilio cha mtoto aliyeanguka mbali na nyumbani. Mkuu wa kampuni, Mungu ambariki, akawageuzia watu mgongo akatukinga kwa upana wake. Tukakaa ndani ya gari lako lisilobeba mtu, na lilitubeba. Alipomaliza akafungua vifungo kimoja kimoja, akavua koti, akalikunja, akaniwekea kifuani.

"Haya, Mzaramo," akasema. "Umelipwa. Toka njiani, msafara upite."

Nikatoka. Nilivaa viatu kwa shida, yeye akanishika kiwiko.

Sasa ninalo hapa, nimelivaa nikiandika, na mke wangu anasema nafanana na hema. Mfukoni nimekuta maganda ya karanga zako, mchafu wewe, nimeyaacha humo. Kalunde amekuja Jumapili, amekula wali wangu wote, ameniita mvivu mbele ya wageni. Amekaa kwenye nafasi yako ya utani sawasawa. Sina wasiwasi naye.

Nenda, rafiki yangu. Hakuna aliyekuzuia tena. Shusha mzigo mahali pazuri, na ukiwakuta babu zangu wamekaa katikati ya njia, waambie umeshalipa kwangu. Hawatakuamini. Ndivyo tulivyo.

Mimi, mtani wako,
Mzaramo mwenye koti lako