Mateso ni Jina, Papa

Papa mpendwa, huko Isangi,

Nakusalimu wewe na Mama, na ule mguu wako unaouma nausalimu peke yake. Umepona, au bado unakataa dawa? Mimi hapa Kisangani ni mzima, nakula, nasoma, na nina hasira kidogo.

Barua yako nimeipata. Unasema mchungaji mpya ameona kwamba jina la Mateso linaniitia mateso, basi diploma yangu ya ukunga iandikwe Eugénie. Papa, nimekutii tangu utoto. Kwa hili sitatii, na nitakueleza kwa nini.

Maneno yetu ya darasani mengi yamebandikwa kichwa cha Kigiriki. “Eu” ni vizuri, na Eugénie maana yake ni aliyezaliwa vizuri. “Dys” ni kwa shida. Uzazi mgumu unaitwa dystocie. Mwalimu alipoliandika neno hilo ubaoni nikainua mkono: “Monsieur, ile ni mimi.” Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Siku mbili za uchungu, ya pili ndani ya mtumbwi kutoka Yanonge, wewe mwenyewe ukipiga kasia: huko ndiko kuzaliwa vizuri? Mama alinipa jina kabla hata hajanywa maji. Mchungaji hakuwemo mtumbwini.

Juzi, kwenye maternité ninapofanya mazoezi, mama mmoja alichoka kusukuma, akakata tamaa. Akaniuliza jina. Nakiri, niliona aibu, na Eugénie ilikuwa imeshafika ulimini. Nikasema Mateso.

“Eh. Na mama yako, alikufa?”

“Hapana. Iko Isangi, anauzisha samaki.”

“Donc, basi alipona.”

“Alipona. Na mimi niko hapa.”

Akanishika mkono mpaka vidole vikauma, akasukuma tena. Alizaa mtoto wa kike aliyelia kwa nguvu.

Kesho yake nikaijaza fomu ya diploma kwa wino, nikaipeleka ofisini mwenyewe. Unisamehe ukaidi, jina siliombei msamaha.

Nisalimie tonton mvuvi, shangazi wa kwaya, na kaka yangu wa Bengamisa akipita hapo. Mchungaji pia msalimie, sina ugomvi naye. Mama hajui kusoma, kwa hiyo msomee barua hii polepole, na ukifika penye jina langu usiliruke.

Ni mimi binti yenu,

Mateso