Maji Niliyoyachuja

Jumanne. Manyunyu tangu asubuhi, na mwili mzito kama nimeuazima.

Shajara, leo nimejua kosa langu, na halirudi nyuma.

Tangu Machi ninajaza chupa za Mwalimu Mutiso, yule wa chuo kikuu, kwenye kisima cha ploti yetu hapa Kawangware. Alinieleza kwamba kwenye mawe ya chini hutoka gesi iitwayo radoni, haina rangi wala harufu. Huingia majini, na pengine huongezeka ardhi ikikaribia kutetemeka. Nilikubali kwa sababu ya Achieng, binti yangu, ambaye hata hajaacha kunyonya. Lile tetemeko dogo la mwaka jana lilipasua ukuta pale pale anapolala. Nikasema, likija kubwa, mimi nitajua mapema. Nitambeba nitoke.

Leo Mwalimu amekuja bila kutarajiwa, akanikuta nimefunika mdomo wa chupa kwa leso, namimina maji kutoka kwenye sufuria.

"Mama Achieng, nani alikuambia uyachuje?"

"Si yanatoka na matope, Mwalimu? Nayaacha kwanza yatulie. Ningekupaje uchafu, mtu mzima kama wewe?"

Alicheka, kisha akanieleza. Kumbe gesi yote ilikuwa inapotelea kwenye sufuria. Chupa ilitakiwa ijazwe kisimani, hadi juu, izibwe hapo hapo. Aliniambia hivyo siku ya kwanza, na nilisikia. Ila mimi nimelelewa hivyo: maji ya mgeni hutulizwa.

Miezi yote hiyo vipimo vyake vilikuwa chini. Nami nikiwaambia majirani, maji yako shwari, laleni.

Nikamuuliza, kuanzia kesho nikijaza sawasawa, utajua tetemeko likikaribia?

"Siwezi kukudanganya, mama. Kuna wakati gesi hupanda na hakuna kinachotokea. Kuna wakati ardhi hutikisika na maji hayakuonyesha kitu."

Hayakuonyesha kitu.

Nimemwendea jirani yangu Mama Wambui. Mwezi jana mimi ndiye niliyemwambia akiache kitanda cha watoto pale pale ukutani. Nimemweleza yote. Akatazama chumba chake.

"Haya, mpimaji wetu, nikisogeze wapi basi? Huku ukuta, kule ukuta."

Tumekivuta pamoja hadi katikati. Mlango ukakataa kufunguka.

Tukakirudisha.

Kesho nitajaza chupa vile alivyotaka Mwalimu. Ya nini, sijui. Lakini nitajaza.