Nyumba Mpya ya Njugu

Baba Ngendo,

Kru, kru, kru gizani, nikadhani ni panya kwa unga. Kumbe ni Njugu, hamsta wa Ngendo, anatafuna nyumba uliyomjengea jana. Nimeitoa. Usininunie, fundi wangu. Mbao ni ngumu kweli, lakini ni zile zilizobaki za zizi, zile ulipaka dawa ya mchwa. Ikiwa mchwa anaziogopa, huyu wetu wa kiganjani atapona?

Mpaka sasa anakula vizuri. Akikataa chakula, mpigie daktari wa ng'ombe, hata akikucheka. Nimemlazia chungu cha maua, kile cha udongo kisicho na rangi. Hicho atatafuna mpaka achoke. Mwongezee nyasi kavu kidogo na maji.

Chai iko kwa themosi. Niko sokoni Giakanja, halafu darasa la jioni.

Ile nyumba ~~itupe shimoni~~ iache hapo mlangoni, tutaweka gambuti zako.

Mama Ngendo

Nilikuwa tayari naipeleka shimoni. Ngendo akanishika leso, akasema, "Mama, baba aliijenga akiwa amechoka."