Kifuniko Kilichofungwa Vizuri

Nyumbani, 14 Aprili

Kaka Vignon,

Salamu nyingi. Sisi wazima, goti la Mama limetulia. Kifua chako je? Naandika barua, nikutumie picha yake kwa simu, kwa sababu tukiongea tunagombana.

Mayai ya yule chatu jike aliyeokotwa kwenye mashamba ya mihogo yameanguliwa. Watoto wote ni wa kahawia na weusi, kama chatu wote anaouza Baba, ila mmoja. Huyo ni mweupe, ana mabaka ya manjano kama kiini cha yai, macho mekundu. Hana tone la weusi. Nilipomshika alijikunja kama mpira kiganjani, nikakaa naye mpaka uji ukapoa. Baba alimtazama, akasema, "Huyu ataleta watu."

Sikujua kama amefurahi.

Mdogo wako,
Houéfa

*

Florida, 2 Mei

Mdogo wangu Houéfa,

Natumaini hamjambo, na Mama anameza dawa zake. Mimi mzima, kifua kinasumbua kidogo tu.

Picha ya nyoka uliyonitumia nimemwonyesha tajiri wangu. Unajua mabanda yake: chatu wenye mistari, wenye madoa, weupe kama karatasi, na mimi ndiye ninayewaoshea masanduku. Picha hiyo aliitazama amesimama, akasahau kahawa yake. Amesema nikimpatia huyo, atanisimamia nipate karatasi za kuishi huku. Houéfa, unajua ninavyoishi. Nikiona gari la polisi navuka barabara.

Usimwuze kwa mtu. Na wale wa kahawia wa tumbo moja naye, wapakie pamoja na chatu wa kawaida wanaoletwa huku, kwa bei ya kawaida. Baba hana haja ya kujua. Rafiki yangu Codjo atapita kuwaona.

Kaka yako,
Vignon

*

Nyumbani, 19 Mei

Kaka,

Sisi wazima. Sijui wewe.

Biolojia nilisomeshwa kwa jasho lako, basi usinifanye mjinga. Rangi ile hujificha. Wale wa kahawia wanaweza kuibeba ndani bila kuonyesha chochote, kisha waje kuizaa huko kwenye mabanda ya tajiri wako. Ulitaka Baba awatoe kwa bei ya chatu wa kawaida, na mimi nifunge sanduku.

Jana Codjo alikuja. "Dada, nionyeshe tu, mimi simli." Alicheka, akakagua madirisha, akauliza mbwa wetu amekufa lini. Leo asubuhi sanduku la yule mweupe ni tupu, na kifuniko kimefungwa vizuri. Chatu akitoroka hafungi kifuniko nyuma yake.

Mama analia. Baba anachonga mpini wa jembe, ananiambia nile kwanza. Mwambie rafiki yako amrudishe.

Mdogo wako,
Houéfa

*

Florida, 22 Mei

Houéfa,

Salamu, na wazee uwasalimie.

Codjo ameapa mbele ya mama yake mzazi. Ufunguo wa banda unao wewe. Thamani yake unaijua wewe. Umempa yule msafirishaji wa chatu wa mjini Cotonou? Sema tu, nijue kwamba niliyemsomesha ndiye aliyeniuza.

Tazama pia ukuta wa nyuma. Mvua ya Jumatatu ilikuwa kubwa, huenda umebomoka.

Vignon

*

Nyumbani, 30 Juni

Kaka yangu,

Hujambo? Safari hii nauliza kweli. Sisi hatujambo, isipokuwa kwamba nyumba hii hailali vizuri tangu uache kuandika.

Barua yako ya mwisho hukujiita kaka. Niliisoma mara nyingi kwa sababu hiyo, na ndipo nikaiona ile mvua. Jumatatu ile ilinyesha hapa na Cotonou. Huko Florida uliijuaje? Mimi sikuitaja. Nikaanza kufunga milango kwa komeo. Nilijua umesharudi nchini, unakuja kupekua nyumba ya baba yako kama mwizi, nikakusubiri.

Hukuja. Jana sahani ilinishinda, nikamwambia Baba: ama Codjo, ama Vignon, chagua mmoja nimchukie. Baba akaweka tonge chini.

"Mnaandikiana kama mawakili," akasema. "Nilimpeleka kwa wenzake."

Kwa wenzake, kaka. Kwenye nyumba ya chatu pale sokoni, tunakopiga magoti tangu utotoni. Unajua chatu anayeingia mle ni mtakatifu, hauzwi wala haombwi tena. Baba anauza chatu maisha yake yote, na huyu mmoja akampeleka mahali ambapo hata yeye hawezi kumrudisha.

Leo nimekwenda. Shangazi Afiavi bado ndiye anayewatunza, alikuwa anafagia uani.

"Umechelewa," akaniambia. "Kaka yako alikutangulia. Amekonda huyo, huko ughaibuni wanamlisha nini, hewa?"

Nikamuuliza lini.

"Ijumaa. Alikuja kusalimia, kama kila anayetoka safari. Amebeba begi. Akamwona yule wa manjano, akakaa chini. Nikamwachia, nikaenda zangu kuteka maji. Narudi, namkuta yuko langoni, begi limefunguka, nyoka mkononi."

"Ukafanya nini?"

"Mimi? Nilikuwa na ndoo kichwani. Nilimtazama tu. Akarudi ndani, akamlaza alipomtoa, akapiga magoti. Akaniomba nisiseme. Sasa nimesema."

Nilimwona, kaka. Amejikunja katikati ya wale wa kahawia, amefunikwa na miili yao, unaona kipande tu cha manjano.

Mtu asiye na karatasi akitoka huko harudi, ila akiwa na cha kumpa tajiri wake. Hilo nalijua. Ulikuwa na karatasi zako mkononi, langoni, hakuna wa kukuzuia ila mwanamke mwenye ndoo.

Nikirudi nilipita bandani kwanza, kuwatazama ndugu zake wale wa kahawia kama wote wapo. Wapo wote. Hata baada ya kusikia yale, nilipita bandani kwanza.

Barua hii siitumi kwenye simu kama zile nyingine. Nitamwachia Shangazi Afiavi, kwa kuwa najua utarudi kumsalimia yule. Kutoka hapo hadi kwetu ni kupita duka la mafuta tu. Mama amepika akasa ya unga wa mahindi na samaki, na komeo nimeitoa.

Mdogo wako,
Houéfa