Majibu ya Baba Yalikuwa Hasi

Mjukuu wangu Nekesa,

Hatujambo hapa Kayole, na babu yako anakusalimu hata kabla hajameza uji. Umeuliza kama ule mpira wa mkojo aliowekewa utamletea kansa.

Baba yangu aliishi na mpira kama huo miaka mingi, tangu alipoumia mgongo kule Industrial Area. Mwishoni mwa miaka ya themanini, nikiwa darasa la nane, mkojo wake uligeuka mwekundu. Daktari alieleza kwamba mpira ukikaa miaka mingi huchubua kibofu, na wachache hupata kansa, kwa hiyo damu isipuuzwe. Akatazama ndani ya kibofu na kukata kinyama cha kupima.

Siku ya majibu daktari alisema kwa Kiingereza, nami nikatafsiri kwa Kiswahili cha somo la hesabu: "Baba, majibu ni hasi."

Baba alikulia katikati ya ng'ombe. Akaushika mshipi wake kwa mikono miwili. "Kuhasi nani? Mimi ni fahali? Mwambie nimekataa!"

"Baba, maana yake hakuna kansa! Ni mawe tu yaliyokwaruza kibofu."

"Si ungesema hivyo, mama!" Alicheka hadi machozi yakamtoka, na daktari naye akataka nimtafsirie.

Basi tulia, Nekesa. Hatari ipo, lakini ni ndogo. Mkojo wa babu yako hauna damu. Ukiwa nayo, tutakwenda siku hiyohiyo, na majibu nitamtafsiria vizuri.

Nyanya yako