Ubao wa Kulia

Kiganjo,
Nyeri.
Tarehe 10 Novemba 2024

Mpendwa shangazi yangu, Tata Murugi,

Salamu nyingi kama matone ya hii mvua inayotunyeshea tangu Jumapili iliyopita. Je, huko Kanada mwili unaendeleaje? Baridi haijakumaliza? Sisi tuko wazima, Mungu anasaidia. Mimi hasa niko sawa, na sura inazidi kung'aa.

Ile gita uliyonitumia vipande vipande kwa sanduku, niiunge mwenyewe, ilifika salama. Ubao wa uso, ule wenye tundu, niliuinua dirishani nikaona mwanga ukipita ndani yake, rangi ya chai. Nilikaa hivyo mpaka uji ukapoa. Ukiugonga kwa kidole unajibu kutoka mbali, kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde kwenye ukungu.

Sasa Baba naye alikuwa ameapa: gita ikiharibika, naenda Gakindu kwa babu, Guka, kuchuma kahawa. Ikikaa vizuri, fundi Theuri, yule wa vitanda karibu na soko, anichukue nijifunze kazi. Na ubao ni mmoja tu, hakuna wa akiba.

Tata, karibu uniue. Ndani ya ubao, kwa ukingo mmoja, uliandika na penseli KULIA. Nikasema ahaa, hapa ndipo pa sauti! Nikapaka mbavu zote za gita gundi, nikaruka hapo tu, ndio pasibanwe, palie vizuri. Nikaulaza ubao juu, nikafunga na blada, ile mipira ya ndani ya baiskeli, nikamwita Theuri aje ashangae.

Akagonga kushoto: ngooo. Akagonga upande wangu: kwara-kwara.

"Mwai, hapa mbona hakuna gundi?"

"Si Tata ameandika ni pa kulia?"

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Ati nini? Hiyo ni kulia ya mkono, kijana! Shule ulitoroka siku gani?"

"Siku ya mikono," nikamwambia.

Bahati gundi ilikuwa bado mbichi. Tukafungua blada mbio, tukapangusa. Kumbe ubao ulikuwa pia umeteleza, upana wa punje ya mchele. Theuri akatia mikono mfukoni, akaniambia nifanye mwenyewe. Nikapaka gundi pote. Nikaushusha polepole, mstari wa katikati uguse alama ya shingoni kwanza, halafu ile ya chini. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka mlangoni. Sikusikia mvua, Tata, wala Baba akiingia. Ilikuwa kama kulaza mtoto bila kumwamsha.

Nikafunga tena na blada, na jana tukafungua. Theuri akagonga pande zote, zikajibu sauti moja. Baba akauliza, "Sasa nimpeleke Gakindu?"

Theuri akapitisha kidole kwenye mstari, kutoka shingoni mpaka chini. "Kahawa iko na watu wengi," akasema. "Huyu niachie."

Nisalimie Muchiri wako na kale kasichana kenu, Tabby. Nyanya, Cucu wetu, anawaombea kila asubuhi, kwa sauti kubwa, majirani ni mashahidi. Mungu awafunike kama blanketi nzito.

Wako akupendaye,
Mwai, fundi
(kwa sasa wa kufagia)