Siku ya Mkaguzi Nilimtuma Mumbua Maji

Kalamba, shuleni

Kwa Mama,

Hamjambo huko Nuu, na mbuzi wamepona na hiki kiangazi? Mwili wangu ni mzima, chakula kipo, nyumba ya walimu haivuji. Najua ni dada Kalunde anakusomea. Mwambie asome polepole na asiruke mahali.

Mazoezi ya kufundisha yamefika nusu. Nilipewa darasa la pili. Kuna msichana anaitwa Mumbua, hasikii hata ngurumo. Chuoni watoto kama yeye tulifundishwa habari zao asubuhi moja tu: aketi mbele, auone mdomo wako. Tukanakili, tukaenda kula. Basi nikamketisha mbele, na wiki ya tatu Mumbua akaandika jina lake ubaoni. Nikajiona mwalimu.

Halafu mkaguzi wa chuo akaja kunipima. Hapa, siku ya mkaguzi, wale wanaoitwa wazito wa kuelewa hutumwa mtoni kuchota maji ili darasa lipendeze. Mwalimu wa darasa, mzee mpole anayeongoza kwaya kanisani, aliniambia, "Mwalimu Kavata, usijiharibie cheti. Huyo mpe mtungi." Hakunilazimisha, Mama. Gari la mkaguzi liliposikika na watoto wakageukia dirisha, mimi mwenyewe nilimpa Mumbua mtungi na kumwonyesha mlango.

Mkaguzi alinipa alama za juu. Aliandika kwamba hakuna mtoto aliyeachwa nyuma, nami nikatia sahihi chini yake.

Unakumbuka maneno niliyokutupia mwaka jana, ulipompeleka Kilonzo wetu malishoni kwa sababu wageni wa kanisa walikuwa wanakuja? Nilisema unamwonea aibu mtoto wako mwenyewe kwa vile hasikii. Uliendelea kuchambua maharagwe. Nisamehe. Wewe uliogopa midomo ya watu na hakuna aliyewahi kukufundisha. Mimi nilifundishwa, na bado nikamuuza mtoto wa wenyewe kwa karatasi. Nimejichukia.

Kesho yake baada ya mkaguzi nilimrudisha Mumbua mbele, akakubali kukaa. Juzi lori likapita barabarani, lori tu la mchanga, na watoto wote wakageukia dirisha. Mumbua hakulisikia. Aliona vichwa vikigeuka. Akafunga daftari, akauchukua mtungi kwenye kona, akatoka. Nilimkimbilia hadi uwanjani, nikamshika bega, nikamwambia polepole arudi, autazame mdomo wangu. Aliutazama. Akaniitikia kwa kichwa kama mtoto aliyeelewa somo, akaendelea na safari yake ya mtoni.

Msalimie nyanya, na mjomba fundi wa mabati, na mke wa mchungaji aliyeniombea nilipokwenda chuo. Kilonzo usimpe salamu zangu. Sina uso.

Ni mimi binti yako,
Kavata